Mafuta Namba Tisa

Liège, tarehe 16 mwezi wa pili 1958

Mama Claire mpenzi wangu,

Nimefika salama. Pua bado iko usoni, ingawa kwa baridi ya huku nimeishika mara nyingi kuhakikisha. Usicheke, wewe ungelia siku ya kwanza.

Najua Kasenga nzima inakuuliza mumeo amefuata nini Ulaya na mawese yake, kwa hiyo soma vizuri upate kuwajibu. Hapa wanatengeneza mabati. Chuma kinaingia kinene katikati ya rola mbili kubwa, kinatoka chembamba, kinarudishwa tena na tena mpaka kinakuwa bati. Hakitiwi motoni kwanza. Kinakandamizwa kikiwa baridi, kwa nguvu tupu. Bila mafuta bati linakwaruzika na kuchanika, na kelele yake inaweza kumkimbiza mtu mzima. Mimi nilikimbia, wakanicheka mpaka saa ya chakula. Na mafuta wanayoyapenda kwa kazi hiyo, tangu wakati wa babu zao, ni mawese, yale yale unayotia kwenye mboga ya sombe.

Sasa wanataka kujua mawese gani yanafaa kuliko mengine, na kama mafuta yanayochimbwa ardhini yanaweza kushindana nayo. Kuna bidoni tisa za mafuta. Majina yamefichwa, kila moja ina namba tu, ili mtu asipendelee. Tunapaka mafuta, tunapitisha bati, tunaandika rola zimetumia nguvu kiasi gani na bati limepata joto kiasi gani. Kisha bati linapikwa kwenye tanuru, nasi tunatazama kama mafuta yameacha madoa meusi.

Mkuu wa majaribio ni Bwana Firmin, mtu mrefu, mpole, anayekohoa. Siku ya kwanza alinikuta nimechovya kidole kwenye namba tatu nikakilamba. Alishangaa sana. Nikamwambia baba yangu alipima mawese ya kampuni bandarini Kalundu miaka ishirini bila chupa wala mzani. Alikuwa na ulimi tu, na kampuni haikuwahi kumrudishia pipa. Nikamwambia namba tatu imekaa juani na namba tano imechanganywa na maji. Akapima kwa chupa zake. Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo hashangai tena, ananiita kwa jina langu lote.

Miezi sita tu, Mama Claire. Nikirudi, ufunguo wa laboratwari ya kupimia mafuta kule Kalundu utakuwa mfukoni mwangu, na nyumba ya matofali ni yetu. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuushika ufunguo ule. Nikiwaza hilo, baridi inapungua kidogo.

Mimi mume wako,
Térence Nduwimana

---

Kasenga, tarehe 9 mwezi wa tatu 1958

Baba Claire,

Barua yako nimeisoma mara nne: mara moja peke yangu, mara tatu kwa sauti kwa wageni. Pale ulipokimbia kelele ya bati, mama yako amenifanya nirudie mpaka koo limekauka.

Unaona mwandiko wangu? Ni wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Jirani yetu Geneviève anaandikiwa barua na karani, halafu anatia dole gumba chini kama anakanyaga mende. Amenishauri nami nifanye hivyo, nipumzike. Nikamwambia masista hawakunichapa vidole miaka mitano ili mume wangu asome maneno ya karani.

Sisi hatujambo. Dada yako Concilie tumbo limekuwa kubwa, mtoto atakuja mwezi wa tano. Claire ameota meno mawili ya mbele na maneno elfu moja. Baada ya Pasaka nitampeleka Kamanyola kwa mama yangu, akamsaidie kufukuza ndege kwenye mpunga. Kwa kelele zake ndege watahama wenyewe.

Habari ya ulimi wako imemfurahisha sana mama yako. Alisimama katikati ya nyumba, mkono kiunoni, akasema, "Bachupa byabo bikae kule! Ulimi ya baba yake haikudanganya muntu hata siku moja." Kisha akalia kidogo, kama kawaida yake akimtaja marehemu.

Lakini mimi, Térence, nakuomba usilambe kila kitu kinachong'aa. Vya kwetu unavijua. Vya huko hujavijua bado.

Ni mimi, kwa mkono wangu,
Pudentienne

---

Liège, tarehe 20 mwezi wa nne 1958

Mama Claire,

Leo kaa chini kabla ya kusoma. Majaribio yamekwisha, na namba tisa imezishinda zote. Bati lilipita kwenye rola kwa utulivu, bila mlio. Lilitoka jembamba kuliko mengine yote, na kwenye tanuru halikupata doa hata moja. Wazee wa kiwanda walikuja kulitazama, wakalipapasa kwa viganja.

Sasa sikia. Namba tisa haina rangi nyekundu, haina harufu, imetulia kama chai nyepesi. Hakuna aliyejua ni nini. Mimi nilichovya kidole nikalamba, nikamwambia Bwana Firmin, "Haya ni mawese ya kwetu, ya mwambao, ya miti mizee." Akatabasamu, akafungua karatasi ya siri. Kalundu! Imeandikwa Kalundu! Yalisafishwa rangi tu. Mama Claire, nilitoka nje nikasimama kwenye theluji peke yangu, nikamwita baba kwa jina.

Mafuta yaliyobaki, Bwana Firmin amenipa zawadi. Bidoni mbili. Nimeziweka kwenye kreti ya bidoni tupu zinazorudi bohari ya Kalundu kwa meli, zina jina langu. Zitafika mwezi wa sita. Watu wa ofisi wakiuliza, sema ni sampuli zangu, usiongeze neno. Unawajua watu wa ofisi.

Nataka mpikie batizo ya mtoto wa Concilie. Nataka watu waone mawese yetu yamekwenda Ulaya, yameoga, yamerudi yamevaa suti. Mwambie mama nimeyaonja mwenyewe. Jumapili mbili nimekaangia viazi, ni matamu, mepesi, hayamchoshi mtu tumboni.

Mimi sijambo, ila vidole vya miguu vinakufa ganzi jioni. Ni baridi ya sakafu ya kiwanda. Nimenunua soksi nzito.

Mume wako mwenye furaha,
Térence

---

Kasenga, tarehe 17 mwezi wa sita 1958

Baba Claire,

Uliona batizo ya juzi? Hukuona, pole yako. Nitakusimulia mpaka mate yakutoke.

Kreti ilifika Kalundu siku tano kabla. Kijana wa bohari alizileta bidoni mbili juu ya baiskeli, akikataa kabisa kuzishusha mpaka apewe kikombe cha pombe ya kasigisi. Nilifungua moja. Mama yako aliyamimina kwenye sahani nyeupe, akayainua kwenye mwanga, akayasugua kati ya vidole kama alivyokuwa akifanya mume wake, akaonja. Sote tulimngoja.

"Weye!" akasema. "Hii ni mawese yetu kabisa, balisafisha tu. Haina arufu hata kidogo. Térence amesema kweli."

Basi tukapika. Sombe, maharage, samaki wadogo wa ndagala wa kukaanga, ndizi. Kila kitu kwa mafuta yako. Padri alikula, lakini kidogo, maana alikuwa na batizo nyingine Sange. Watu walikuwa wanachovya mkate kwenye mafuta matupu, wakifumba macho. Concilie ndiye aliyepewa sahani ya kwanza na ya mwisho, kama desturi, mzazi mpya ale vizuri ili maziwa yashuke. Tangu siku ile namtengea kikombe chake cha mafuta pembeni. Mtoto ni wa kiume, mzito, ana paji la uso la baba yako.

Claire hakuwepo. Yuko bado Kamanyola, mpunga haujaisha. Amenitumia ujumbe kwa dereva wa kamyo kwamba nimwekee mafuta ya baba. Usiogope, bidoni ya kwanza imebaki nusu, na ya pili sijaigusa, iko chini ya kitanda na muhuri wake.

Geneviève alikula sahani tatu. Alipoondoka akanishika mkono, akaniambia mume wangu ni mtu wa maana. Imenibidi nikuandikie, maana hawezi kuandika mwenyewe.

Mke wako, ambaye leo anajivuna,
Pudentienne

---

Kasenga, tarehe 4 mwezi wa saba 1958

Baba Claire,

Nakuandikia kwa haraka. Hapa kuna ugonjwa nisioujua jina.

Ulianza na mama yako. Alhamisi iliyopita usiku, mashavu ya miguu yalimbana akapiga kelele, nikamkanda kwa maji ya moto. Asubuhi maumivu yalikwisha, tukashukuru Mungu. Baada ya siku tatu akasimama ili aende misa, na miguu yake haikuinuka mbele. Vidole vinaburuta chini. Anainua goti juu sana kama mtu anayetembea mtoni. Alicheka mwenyewe mwanzoni. Sasa hacheki.

Concilie naye. Ameniambia, "Wifi, miguu yangu iko sawa miguu ya muntu mwingine. Minye naituma, yeye haisikii." Juzi alianguka akiwa na mtoto. Mtoto hakuumia. Geneviève yuko kitandani. Watu wengine wawili wa mtaa huu pia.

Nimekwenda dispensari kwa Déogratias, yule infirmier, muuguzi mzaliwa wa Kamanyola, uliyesoma naye. Kwa mgonjwa wa kwanza alisema ni uchovu. Alipomwona wa tatu akaandika kwenye daftari. Hawana homa hata kidogo, hilo ndilo linalomtisha.

Mimi bado nina nguvu, ila vidole vya miguu vinawasha na kufa ganzi, kama ulivyoandika wewe. Nimecheka peke yangu, maana sakafu ya hapa haina baridi.

Usihangaike. Ninawapikia vizuri. Wote watatu nawapa mafuta yako kila siku, asubuhi kwenye uji na jioni kwenye mboga, yawarudishie mwili.

Pudentienne

---

Liège, tarehe 14 mwezi wa saba 1958

Mama Claire,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nakuomba jambo moja. Yale mafuta, acheni kuyala. Nimekumbuka kwamba bidoni zilikaa muda mrefu melini, kwenye joto, na mafuta yaliyosafishwa hayavumilii safari. Yatakuwa yamechacha. Mafuta yaliyochacha si mazuri kwa wagonjwa. Yaweke kando tu.

Na usimwambie Déogratias habari ya mafuta. Yeye ni mtu mzuri lakini anaandika kila kitu kwenye daftari, na daftari linakwenda kwa daktari wa kizungu, na huyo anakula meza moja na mkubwa wa kampuni. Wakisikia nimetuma mafuta yaliyoharibika, ufunguo wa Kalundu umekwenda. Imebaki wiki tano tu. Ugonjwa huo utakuwa ni kitu kingine, labda samaki.

Nimefurahi kwamba Claire yuko Kamanyola. Mwache huko huko mpaka nirudi. Usiniulize kwa nini, mwache tu.

Miguu yangu haijambo.

Térence

---

Kasenga, tarehe 5 mwezi wa nane 1958

Baba Claire,

Samahani kwa mwandiko. Kalamu inateleza. Nimefunga kitambaa kwenye vidole ili niishike.

Barua yako ilifika tarehe 24. Nilishangaa, kwa sababu niliyanusa mafuta na hayakuwa na uchachu wowote, lakini wewe ndiwe mpimaji. Yale ya bidoni ya kwanza yalikuwa yamebaki kidogo, nikampa Geneviève atengenezee sabuni. Nikafungua ya pili kuitazama. Nayo haikuwa na harufu. Mama yako akasema, kwa nini tumwage bidoni nzima wakati nyumba ina wagonjwa? Kila mwanamke wa mwambao huu anajua kuyarudisha mafuta yaliyochacha. Tukayafanya kama siku zote: nikayachemsha na vitunguu viwili na konzi ya chumvi mpaka vitunguu vikawa vyeusi, nikayachuja kwa kitambaa. Yalitoka matamu kuliko mwanzo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi tena, uchachu umekwisha kabisa.

Mama yangu amekuja kutoka Kamanyola. Alisikia tunaumwa, hakuweza kukaa. Asingeweza kumwacha Claire peke yake na ndege, akaja naye tarehe 27. Najua ulisema abaki huko, lakini nyumba ilikuwa imenyamaza mno, Térence. Sasa hivi anaimba uani. Amekua. Anakula kama watoto wawili, na anadai kila chakula kiwe na mafuta ya baba, hata mkate.

Wagonjwa wamefika kumi. Déogratias anapita nyumba kwa nyumba. Jana alikaa hapa saa mbili na daftari lake. "Mulikula nini mu batizo? Minye nataka kila kitu, hata chumvi." Nikamtajia sombe ya muhogo, maharage, ndagala, ndizi. Akauliza mihogo ilitoka shamba gani, ndagala zilikauka wapi. Mara mbili aliuliza, "Na mafuta?" Mara mbili nikamwambia ni mawese yetu ya hapa. Sijawahi kumdanganya mtu mzuri vile. Alifunga daftari akasema, dawa ya ugonjwa huu haijui, lakini angejua chanzo, angalau angewazuia waliobaki.

Niambie ukweli, kuna kitu nisichokijua?

Pudentienne

---

TELEGRAMU. LIÈGE, 14 AGOSTI 1958. KWA PUDENTIENNE, KASENGA, UVIRA.

MSILE MAFUTA STOP NI SUMU STOP MPE DÉOGRATIAS BIDONI ZOTE STOP MWAMBIE YALITIWA DAWA YA FOSFATI STOP MZUIE CLAIRE STOP TÉRENCE

---

Liège, tarehe 15 mwezi wa nane 1958

Pudentienne,

Telegramu itakuwa imefika. Sasa nakuandikia yote, na sitakuomba unihurumie.

Bwana Firmin hakunipa mafuta. Aliniamuru niyachome kwenye tanuru. Mimi niliyaona mawese ya baba yangu yakitupwa motoni, nikaona uchungu. Niliyaiba. Nilijaza bidoni mbili wakati wengine wako mezani, nikaandika jina langu juu yake.

Siku alipofungua karatasi ya siri, haikuandikwa Kalundu peke yake. Alisoma kwa sauti, na nilikuwa karibu naye kama ulivyo karibu na karatasi hii: mawese ya Kalundu yaliyosafishwa, na dawa ya fosfati iliyoongezwa ili mafuta yang'ang'anie chuma yasikimbie rola. Nilisikia neno Kalundu nikafurahi. Hayo mengine niliyasikia pia. Sikutaka yaniharibie siku yangu. Dawa yenyewe haina ladha wala harufu, kwa hiyo ulimi haukuniambia kitu, nami nikaamini kwamba kisichosemwa na ulimi hakipo.

Barua yako ya tarehe 4 iliponifikia, mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari unaburuta. Nilikuwa nimekula Jumapili mbili tu. Nilimwendea Bwana Firmin, nikamuuliza kwa kuzunguka: mtu akiila namba tisa, itakuwaje? Akaacha kuandika. Akasema inaharibu mishipa ya fahamu, miguu kwanza, mikono baadaye. Akaniuliza kama nimeionja. Nikasema hapana.

Hiyo ilikuwa tarehe 14 mwezi wa saba, saa tisa mchana. Posta ya hapa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Telegramu ingekufikia kesho yake. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikafikiri karani wa telegramu atasoma, ofisi itajua, ufunguo utakwenda. Nikarudi chumbani nikakuandikia barua, na katika barua nikaweka uongo.

Jana nilisoma kuhusu vitunguu. Nilisoma kwamba Claire amerudi. Nikaenda kwa Bwana Firmin na kumwambia kila kitu, hata wizi. Hakunipigia kelele. Alikaa, akashika kichwa. Kisha akaandika jina lote la dawa kwenye karatasi, ya Déogratias, imo humu ndani. Kampuni imenifukuza leo. Nitapanda meli Anvers wiki ijayo, kupitia Matadi. Nikifika Albertville, kwenye bandari ya ziwa letu, nitauliza posta kama kuna barua yako.

Andika tu kwamba Claire hakula sana.

Térence

---

Kasenga, tarehe 21 mwezi wa tisa 1958
Kwa Térence Nduwimana, ibaki posta Albertville

Baba Claire,

Ninaandikiwa na Déogratias. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Telegramu ilifika siku ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, tukitoka misa wale tunaoweza kufika misa. Déogratias aliisoma mlangoni pangu. Aliingia, akavuta bidoni chini ya kitanda, akaipeleka nyuma ya dispensari, akachimba shimo mwenyewe. Kwenye bidoni ya pili yalikuwa yamebaki mafuta ya kina cha vidole viwili.

Tumekuwa kumi na mmoja. Geneviève hakutengeneza sabuni. Aliona ni hasara, akapikia. Mama yako anatambaa kwa mikono kwenda uani, hataki kubebwa. Hataji jina lako. Siku Déogratias alipomweleza, aliomba maji, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Amefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile. Concilie ananyonyesha akiwa amelala, watu wengine wanamshikia mtoto. Mikono yangu imefuata miguu. Daktari alikuja, akasema ukweli: dawa hakuna, wengine watarudi kidogo kwa miaka, wengine hapana.

Uliomba niandike kwamba Claire hakula sana. Sasa nisikilize, nimekaa siku nyingi nikihesabu tarehe.

Claire hakuwepo kwenye batizo. Hakuonja hata tone la bidoni ya kwanza. Barua yako ilipofika tarehe 24, bidoni ya pili ilikuwa chini ya kitanda, na muhuri wake haujavunjwa. Claire alifika siku tatu baadaye. Alikula siku kumi na tisa. Tarehe 30 ya mwezi wa nane alianguka njiani akienda bombani, akaniita akisema kuna mtu amemshika miguu.

Mama yako, Concilie, mimi, hayo yalikuwa yamekwisha kutupata kabla hujajua. Hayo ni ujinga na majivuno, na mimi nilijivuna pamoja nawe, sikatai. Lakini siku ile ulijua. Ungeandika sumu, ningemwaga bidoni yote kabla sijakunja barua. Uliandika imechacha, nami nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa hapa angefanya, na wewe, mtoto wa nyumba ya mawese, ulijua vizuri tunafanya nini na mafuta yaliyochacha.

Claire anauliza ulimi wa baba ulikosea wapi. Watu wamemwambia, watoto husikia kila kitu. Sijamjibu, na sitamjibu kwa ajili yako.

Usiniandikie tena. Sitaki barua yoyote kutoka kwako. Panda meli ya Kalundu, uje na mguu wako unaoburuta, ukae mbele ya mtoto, umwambie kwa mdomo. Nitakuwa pale nasikiliza, na ukiruka neno moja nitalijua.

Pudentienne

Hili ni dole gumba lake. Alitaka kutia sahihi mwenyewe. Alijaribu mara tatu, kalamu ikaanguka. Mwishowe nilimshika mkono mpaka kidole kikafika kwenye karatasi. — Déogratias